Skrubu moja ya Isandlwana: sanduku la risasi lililobebeshwa lawama isiyo yake

#1 · Mtoa mada

Wakuu, habari za jioni.

Kazi yangu ni kutunza stoo. Mwaka wa 19 sasa napokea na kutoa, nahesabu na kusaini. Ndiyo maana nikisikia kisa kinachomtwika mtunza ghala damu za watu, moyo haunipi kukaa kimya. Kuna kimoja nimekifuatilia kwa miaka minne, usiku baada ya kazi, na leo nataka kukiweka hapa chote.

Tarehe 22 Januari 1879, chini ya kilima cha Isandlwana katika nchi ya Wazulu (leo ni sehemu ya Afrika Kusini), kambi ya jeshi la Waingereza ilivamiwa na kumalizwa kabla jua halijazama. Kambini walikuwepo watu wapatao 1,700, askari wa Kiingereza pamoja na Waafrika wa Natal, koloni jirani la Waingereza, waliopigana upande wao. Waliouawa walizidi 1,300. Mikononi walikuwa na Martini-Henry, bunduki bora kuliko zote jeshini kwao wakati ule. Waliowamaliza walikuwa Wazulu karibu 20,000, wengi wao na mikuki na ngao, wengine na magobole ya zamani.

Sasa inakuwaje? Jibu ambalo nimelisoma tangu shule, na ambalo filamu na vitabu vya karne iliyopita vililipa nguvu, ni hili: risasi zilikuwepo tele, lakini zilikuwa ndani ya masanduku yaliyokazwa kwa skrubu, bisibisi hazitoshi, na maofisa wa ghala wakagoma kumpa mtu wa batalioni nyingine hata pakiti moja. Kwa hiyo askari waliishiwa wakiwa kwenye mstari, na Wazulu wakapita.

Nilikiamini. Halafu siku moja nikajiuliza swali la mtu wa stoo: hilo sanduku lenyewe lilikuwaje? Skrubu ngapi? Nani aliandika? Maana jeshi lolote lenye akili huandika kila kitu linachonunua, na jeshi la Waingereza liliandika mpaka urefu wa msumari.

Nitaendelea kesho, zamu yangu inaanza.

#2 · Msomaji wa Usiku

Mkuu, usituache njiani. Nimekaa mkao wa kula. Mimi pia nilifundishwa hivyohivyo, kwamba skrubu ndizo zilizowaua.

#3 · Mtoa mada

Nimerudi. Tuanze na sanduku.

Lililokuwa likitumika mwaka 1879 lilikuwa la alama ya tano na ya sita, wao wanasema Mark V na Mark VI. Mbao zake ni mtiki au mahogani, ngumu na nzito, pembe zimeshikana kwa meno ya mbao yaliyoingiliana. Ndani kuna utando wa bati wa kuzuia unyevu, na chini ya bati risasi 600. Hazikumwagwa tu humo. Zimefungwa kwenye pakiti za karatasi, risasi 10 kila pakiti, kwa hiyo pakiti 60. Likijaa lina uzito wa kiasi cha kilo 36. Aliyewahi kunyanyua mfuko wa saruji anajua kilo 36 ni nini ukiambiwa kukimbia nazo.

Na hizo pakiti za kumi hazikupangwa kwa kubahatisha. Askari alibeba risasi 70: mikoba miwili ya mbele kwenye mkanda, 20 kila mmoja, na mfuko wa tatu wa ngozi uliochukua 30 zikiwa huru. Piga hesabu: pakiti mbili kwa kila mkoba, pakiti tatu zinafunguliwa na kumiminwa kwenye mfuko. Aliyepanga sanduku alimfikiria aliyevaa mkanda. Nilipoliona hilo niliguswa, maana ndicho ninachojaribu kuwafundisha vijana wangu stoo, kwamba ukipanga rafu umfikirie atakayekuja kuchukua.

Sasa mfuniko. Hapa ndipo kisa kizima kilipo, nawaomba msome taratibu.

Sanduku lilizungushiwa mikanda miwili ya shaba nyekundu, mmoja kila upande, ili lisipasuke likidondoka. Mikanda hiyo ndiyo yenye skrubu nyingi. Lakini mfuniko haukuwa chini ya mikanda! Mfuniko ulikuwa katikati, kati ya mkanda na mkanda, kipande cha mbao chenye umbo la kabari kinachoteleza kwenye mfereji wake. Ulishikwa na skrubu ngapi? Moja. Skrubu moja ya shaba ya njano, urefu wa inchi mbili.

Aliyetazama sanduku akaona skrubu zote zile za mikanda, akadhani lazima zing'olewe zote ndipo lifunguke, alikosea sanduku. Na kosa hilo liliingia kwenye kitabu kimoja kilichosomwa sana miaka ya 1960, likaenea.

#4 · Fundi Mbao

Habari za kazi ndugu mtoa mada. Mimi ni seremala, naomba kuongezea kidogo kwenye huo mfuniko.

Mfuniko wa kuteleza tunautengeneza hata leo, kwenye masanduku ya zana na ya bao. Uzuri wake ni kwamba nguvu yake iko upande mmoja. Ukijaribu kuuinua juu, huwezi, mfereji umeushika pande zote mbili. Ukiusukuma kwa mwelekeo wa kuteleza, kinachouzuia ni hiyo skrubu peke yake, tena imesimama wima, imekaa kwenye ukingo ambapo kabari ni nyembamba. Shaba ya njano ni laini. Mtu akipiga ubavuni kwa kitako cha bunduki, skrubu inapinda au ukingo wa mbao unapasuka, mojawapo. Mtiki ni mgumu lakini hupasuka kwa kufuata nyuzi zake ukipigwa kichwani.

Kwa macho ya fundi, aliyebuni hilo sanduku alitaka lifungwe vizuri safarini na lifunguke kwa haraka vitani. Sioni kosa.

#5 · Mtoa mada

Fundi, ahsante sana, umenisaidia kuliko vitabu viwili.

Sasa habari za kumbukumbu, maana kuna wengine hapa wanaweza kutaka kufuatilia mambo kama haya wenyewe.

Tangu mwaka 1860 Wizara ya Vita ya Uingereza ilikuwa ikitoa orodha iitwayo List of Changes. Kila kifaa kipya, kila badiliko dogo kwenye kifaa cha zamani, liliandikwa kama aya yenye namba: kimekubaliwa lini, kimebadilishwa nini, kinapimwa vipi, cha zamani kitumike mpaka kiishe au kirudishwe. Humo utakuta bunduki, matandiko ya farasi, ndoo, na masanduku ya risasi. Pamoja na hiyo kuna vitabu vya mafunzo kuhusu risasi na baruti vilivyoandikwa kwa ajili ya maofisa, vyenye michoro ya sanduku likiwa limekatwa upande mmoja ili uone ndani. Mafaili yenyewe ya Wizara ya Vita yako kwenye Hifadhi ya Taifa ya Uingereza, Kew, pembeni ya London, yakianza na herufi WO. Ya bodi iliyopima silaha na risasi yako kwenye fungu la SUPP 6.

Mtego mkubwa wa kumbukumbu hizi ni neno Mark. Mimi lilinipotezea miezi. Kila kitu kilikuwa na Mark yake: bunduki ya Isandlwana ni Martini-Henry Mark II, risasi yake ni Mark III, sanduku ni Mark V au VI. Ukisoma faili limeandika tu "Mark III" bila kutaja cha nini, ukakimbilia hitimisho, umekwisha. Nilijaza daftari zima nikichanganya namba za ganda la risasi na namba za kasha lake. Nililichana, nikaanza upya na safu tatu: silaha, risasi, kifungashio.

Mtego wa pili ni tarehe. Tarehe ya kwenye orodha ni siku kitu kilipokubaliwa London. Siyo siku kilipofika kwenye hema la askari. Mbao za mtiki hazifi haraka. Sanduku la zamani liliendelea kuzunguka na kujazwa tena miaka mingi baada ya jipya kuandikwa. Mtu wa stoo hashangai, kwetu bado tuna makabati ambayo kwenye karatasi yalishafutwa.

#6 · Binti Mrima

Mtoa mada, hoja zako nzuri, ila kuna jambo hujaligusa. Mimi nimesoma kwamba yupo ofisa aliyekuwepo palepale, akapona, naye mwenyewe ndiye aliyeandika kuwa masanduku yalikuwa magumu kufungua na kwamba ofisa ghala alimkatalia. Huyo si mtu wa kusimuliwa. Tumkatae shahidi wa macho kwa sababu ya mchoro wa kitabuni?

#7 · Mtoa mada

Dada, swali lako ndilo lililonikalisha macho kuliko yote. Hapana, hatumkatai. Tumsikilize, lakini tumsikilize mara mbili.

Anaitwa Horace Smith-Dorrien. Mwaka 1879 alikuwa luteni mwenye umri wa miaka 20, kazi yake usafiri. Ni mmoja wa maofisa watano tu wa jeshi la kudumu la Waingereza waliotoka wazima pale. Kisa cha skrubu na cha ofisa ghala kinatoka kwenye kitabu chake cha kumbukumbu za utumishi kilichochapishwa mwaka 1925. Anasema alikusanya watu waliokuwa hawana kazi kambini, wakawa wanavunja masanduku haraka wawezavyo na kupeleka pakiti mbele. Kisha Bloomfield, ofisa ghala wa batalioni ya pili ya Rejimenti ya 24, akamwambia asichukue zile, ni za batalioni yao. Naye akamjibu kwa kumuuliza kama wakati ule alikuwa bado anataka hati ya maombi.

Angalia vizuri. Hata hapo, anasema walikuwa *wanavunja* na *wanapeleka*. Hakusema walishindwa.

Sasa msikilize mara ya pili. Siku mbili tu baada ya vita alimwandikia baba yake barua. Humo anasema alikuwa mbele pamoja na kombania za Rejimenti ya 24 akiwagawia risasi za akiba huku risasi za adui zikipita kila upande. Kijana aliyetoka kwenye moto juzi, anamwandikia baba yake, na picha iliyomo kichwani mwake ni ya risasi zinazofika kwenye mstari.

Kati ya barua na kitabu kuna miaka 46. Katikati hapo alishakuwa jenerali na alishasikia kisa kikisimuliwa mara elfu. Simwiti mwongo hata kidogo. Nasema kumbukumbu ya mtu hunyonya yale anayoyasikia, kama kitambaa kinavyonyonya rangi ya nguo iliyo karibu.

Na huyo Bloomfield? Yupo shahidi mwingine, Kapteni Edward Essex, naye alipona. Barua yake ilichapishwa gazetini mwaka huohuo wa 1879. Anaeleza alivyokusanya wapishi na wapiga muziki wa bendi kupeleka risasi, na alivyomsaidia ofisa ghala wa batalioni ya pili kupakia masanduku kwenye mkokoteni wa nyumbu. Wakiwa wanapakia, ofisa yule akapigwa risasi akafa palepale.

Ofisa ghala wa batalioni ya pili ndiye Bloomfield huyohuyo. Huyu anayesimuliwa kama bahili wa pakiti alikufa na sanduku mikononi, akilipakia liende mbele.

Na kukataa kwake kwa mwanzo kuna sababu ambayo mtu yeyote wa stoo ataielewa. Asubuhi ile Lord Chelmsford, mkuu wa jeshi lote la Waingereza pale, alikuwa ametoka na nusu ya jeshi, na akiba ya batalioni ya pili ilikuwa imewekewa amri: ikae tayari kumfuata akihitaji. Mzigo wenye amri juu yake hauguswi na mtu mpaka aliyetoa amri aseme. Hali ilipobadilika, Bloomfield alibadilika nayo. Mimi ningefanya vilevile, na ningeomba Mungu anipe wepesi wa kubadilika kama yeye.

#8 · Msomaji wa Usiku

Aisee. Hii ya Bloomfield sikuwahi kuisikia popote.

Lakini mkuu, risasi ziliisha au hazikuisha? Maana mwishoni walipigana kwa singe.

#9 · Mtoa mada

Ziliisha, ndiyo, kwa makundi yaliyozingirwa. Ukishazungukwa, sanduku hata liwe wazi kama sinia, liko nyuma ya adui. Na ziliwapungukia mapema watu wa Kanali Durnford, ofisa wa Kiingereza aliyeongoza Waafrika wapanda farasi wa Natal, upande wa kulia, waliokuwa kwenye korongo mbali na kambi. Wao walifika asubuhi ileile, magari yao ya mzigo hayakuwa karibu nao, na waliotumwa kambini kutafuta risasi walihangaika. Hilo limo kwenye maelezo ya waliopona. Walipolazimika kurudi nyuma, ubavu wa mstari ukabaki mtupu. Shida hapo ilikuwa umbali, na kutokujua gari lako liko wapi.

Lakini nataka mnisikilize kwenye jambo linalofuata, maana ndilo lililonifanya niandike uzi huu.

Siku hiyohiyo, mwendo wa saa chache kutoka Isandlwana, kombania moja ya batalioni hiyohiyo ya pili ilishambuliwa Rorke's Drift, kituo kidogo cha Waingereza kando ya mto. Walinzi kama 150, nusu ya kwanza ya usiku wakipigana karibu bila kupumua. Kasisi George Smith alipita nyuma ya ukuta wa magunia akigawa risasi. Kulipokucha walikuwa wametumia karibu 20,000. Gawanya kwa 600: ni masanduku 33, yamefunguliwa jioni na usiku, chini ya shambulio, na watu walewale wenye sanduku lilelile. Hakuna aliyelalamika skrubu. Tena walioshinda walipewa nishani 11 za Victoria Cross, ya juu kabisa ya ushujaa kwa Waingereza.

Kwa hiyo sanduku moja, jeshi moja, siku moja. Waliposhinda, sanduku halitajwi. Waliposhindwa, ndilo lililowashinda.

Na la pili: baada ya vita Wazulu walichukua bunduki kwa mamia na shehena kubwa ya risasi kutoka kambini. Miezi miwili baadaye, tarehe 29 Machi, kwenye vita vya Khambula, Martini-Henry zilikuwa zikiwafyatulia Waingereza wenyewe. Risasi hizo zilitoka kwenye masanduku yapi? Nani aliyefungua, na kwa bisibisi ya nani?

#10 · Mwalimu wa Historia

Hapo mtoa mada umenigusa. Nafundisha kidato cha tatu, na kila mwaka wanafunzi wangu wananiuliza Wazulu walishindaje. Nimekuwa nikijibu kwa skrubu. Nasikitika kusema hivyo. Nikiacha skrubu, niwajibu nini?

#11 · Mtoa mada

Mwalimu, shikamoo. Wajibu kwa Wazulu wenyewe.

Waambie jeshi lile liliongozwa na Ntshingwayo kaMahole wa ukoo wa Khoza, mtu mzima aliyetembea kwa miguu pamoja na vijana wake mpaka pale, na Mavumengwana kaNdlela. Waambie watu 20,000 walijificha kwenye bonde wakakaa kimya bila kuwasha moto, umbali wa kilomita chache tu kutoka kambi ya adui. Waambie mpangilio wao ulikuwa kama fahali: kifua kinasukuma katikati, pembe mbili zinazunguka. Kizulu kifua wanaita *isifuba*. Wanafunzi wako watacheka kwa furaha wakilisikia, ni ndugu wa neno letu kabisa.

Waambie pia kifua kile kilikwama. Martini-Henry ilitupa kichwa cha risasi cha gramu 31, na kwa zaidi ya saa nzima ilifanya kazi yake, maana risasi zilikuwa zinafika. Rejimenti ya Wazulu ya uKhandempemvu ililala chini kwenye majani, haiwezi kwenda mbele. Ndipo induna (kiongozi wa Kizulu) Mkhosana kaMvundlana wa ukoo wa Biyela alipotumwa kushuka kwenye miamba mpaka katikati yao. Hakulala. Alisimama wima mbele ya bunduki zote, akawakumbusha kwamba mfalme Cetshwayo hakuwatuma kukimbia. Wakainuka. Yeye akapigwa risasi ya kichwa akafa hapohapo.

Ukisema "skrubu", Mkhosana anafutika. Ndiyo maana sikuweza kuliacha. Kisa cha sanduku kilikuwa faraja kwa walioshindwa: kilisema hatukushindwa na watu, tulishindwa na kitu chetu wenyewe. Ofisa ghala amekufa, hawezi kujitetea. Sanduku halina mdomo. Na Mwafrika aliyeshinda anabaki kama mvua iliyonyesha tu.

Kwa upande wa Waingereza waambie mstari ulikuwa mrefu kupita kiasi, kama bunduki 600 za Rejimenti ya 24 zikilinda uwanja ambao usingelindwa hivyo, kambi haikuchimbiwa handaki, na mkuu wao alikuwa amegawa jeshi kabla ya kujua adui yuko wapi. Yote hayo yako kwenye kumbukumbu za uchunguzi wa jeshi uliokaa Helpmekaar, huko Natal, mwishoni mwa Januari hiyohiyo, na kwenye vitabu vya buluu, yaani taarifa rasmi za serikali zilizopelekwa bungeni kwao.

#12 · Mwalimu wa Historia

Marahaba. Nimeyanakili yote. Jumatatu nitaanza na Mkhosana.

#13 · Binti Mrima

Nimeelewa, na nakubali. Barua ya siku mbili nailinganisha na kitabu cha miaka 46 na naona uzito uko wapi.

Nina langu. Sisi ni wa Tanga. Nyumbani kwa bibi kuna kasha la mbao la kijeshi, zito, lina alama ya mshale wa miguu mitatu uliochomwa kwa moto. Wazee wanasema ni la vita vya Mjerumani. Je, linaweza kuwa na uhusiano na haya?

#14 · Mtoa mada

Dada, hilo lisije likauzwa kwa mtu wa vyuma chakavu!

Mshale huo ni alama ya mali ya serikali ya Uingereza, walikuwa wakiutia kwenye kila kitu, kuanzia bunduki mpaka kijiko. Angalia kama kuna mishale miwili imeelekezana ncha kwa ncha. Ikiwa ipo, maana yake kasha liliuzwa kihalali kutoka jeshini. Kisha tafuta mwaka, tafuta herufi za kiwanda, na namba inayoambatana na neno Mark. Usilipige msasa wala kulipaka vanishi. Piga picha jua likiwa chini, asubuhi au jioni, mwanga ukitoka ubavuni; maandishi yaliyofifia huinuka yenyewe.

Likiwa la vita vya 1914 halitakuwa la Martini-Henry. Wakati huo walikuwa na risasi ya .303, ikifungwa kwa namna tofauti kabisa: risasi tano kwenye kishikizo cha chuma, vishikizo viwili kwenye kila mfuko wa mkanda wa kitambaa, mifuko mitano kwenye mkanda, jumla 50. Askari alijitupia mkanda begani akaondoka. Linganisha na pakiti za karatasi za 1879, utaona watu walijifunza.

Na Tanga mna sababu nzuri ya kuwa nalo. Novemba 1914 Waingereza walishushwa pale kutoka India wakapigwa, wakarudi melini wakiacha ufukweni bunduki 455 na kwa uchache risasi nusu milioni. Lettow-Vorbeck, mkuu wa jeshi la Wajerumani, alizitumia muda mrefu. Lakini usiniambie "ni la siku ile" mpaka tuone mwaka kwenye mbao.

Halafu kuna jambo la ajabu ambalo naliweka hapa kwa sababu umetaja vita hivyo. Mwishoni mwa mwaka 1915 Waingereza walimteua jenerali mpya aje kuongoza vita vya Afrika Mashariki. Akaugua njiani, akaishia Cape Town, na nafasi yake akapewa Jan Smuts, jenerali wa Afrika Kusini, mwezi Februari 1916. Jenerali huyo aliyekosa kufika kwetu ni Smith-Dorrien, kijana yuleyule wa masanduku ya Isandlwana.

Tahadhari moja kwa wote: ukikuta kasha lina risasi ndani, au risasi yoyote nzima ardhini, usiiguse, usiipeleke nyumbani, usijaribu kuifungua uone baruti. Ita polisi. Miaka mia haiifanyi kuwa salama.

#15 · Msomaji wa Usiku

Mkuu, mtu wa kipato cha kawaida anazipataje hizo kumbukumbu? Kew ni mbali.

#16 · Mtoa mada

Mimi sijawahi kukanyaga Kew. Katalogi yao iko mtandaoni na kuitafuta ni bure. Unapata namba ya faili kabla hujatoa senti. Kama una ndugu au rafiki London, kadi ya msomaji ni bure, na anaruhusiwa kupiga picha kwa kamera yake mwenyewe. Binamu yangu alinisaidia Jumamosi mbili. Nilimtumia orodha ya faili sita, si "nitafutie habari za risasi". Ukimtuma mtu hifadhini bila namba umemtuma kuchota maji kwa wavu.

Makumbusho ya rejimenti hiyo iko Brecon, Wales, na ya silaha iko Leeds. Waandikie kwa adabu na uulize swali moja lililo wazi. Mimi niliuliza: "Mfuniko wa sanduku mlilonalo umeshikwa na skrubu ngapi?" Swali dogo hujibiwa.

#17 · Fundi Mbao

Wakuu, nimechelewa kurudi kwa sababu nilikuwa karakana.

Nilikuwa na mabaki ya mtiki kutoka kwenye kitanda cha mteja. Nimetengeneza juu ya sanduku, siyo sanduku zima: mfereji, mfuniko wa kabari, na skrubu moja ya shaba ya inchi mbili. Nimelikaza kwenye meza. Kijana wangu hajui habari yoyote ya Isandlwana. Nilimwambia tu afungue bila bisibisi. Teke la kwanza kwa kisigino, mfuniko ulitikisika. La pili, ukingo ukapasuka na mfuniko ukatoka wote, ukaenda kugonga ukuta. Sidhani kama zilipita sekunde kumi.

Skrubu imebaki kwenye mbao, imepinda kama ndoana.

#18 · Mtoa mada

Fundi, hapa nimesimama nimeshika simu. Skrubu za masanduku zilizookotwa kwenye uwanja wa Isandlwana, zipo zilizopinda hivyohivyo.

Usiing'oe. Nakuja Jumapili kuiona.